Moduli Yenye Haikufundishwa

Fishi zote zilikuwa na tano. Ni hapo maneno yalianzia.

Mafunzo yenyewe yalifanyika mu likizo ya Pasaka. Walimu arobaini na watatu wa sekondari, kutoka masomo sita, ni kusema shule sita, za Uvira na za kule juu Rurambo, siku tano ndani ya sale moja, moduli moja kila siku. Minye sikufundisha kitu. Kazi yangu ilikuwa kupigisha fotokopi, kupeleka fishi, zile karatasi za maoni, ku masomo, kuzikusanya na kuzihesabu. Chef wangu, Mama Louise, ndiye alipaswa kuandika raporo ya kusema kama yale mafunzo yalisaidia walimu ao yaliwapita pembeni.

Fishi ilikuwa rahisi. Moduli tano, na mbele ya kila moja unaandika pointi, kuanzia moja mpaka tano. Nyuma iko mistari ya maoni. Nilianza na masomo mawili ya karibu, walimu kumi na mmoja. Wote: tano, tano, tano, tano, tano. Ku maoni: "Muzuri sana. Tunaomba ingine."

Sasa kati ya wale kumi na mmoja, mmoja alinifundisha minye mwenyewe. Muntu yule alinipatia tisa ku ishirini mara tatu kwa mufululizo, na mara ya tatu aliongeza musitari mwekundu chini, ili nisifikiri ni bahati mbaya. Leo muntu huyo huyo anapatia formation, yale mafunzo, tano ku tano, bila hata kufuta. Nikaanza kujiuliza: anasoma kwanza, ao mukono unaandika wenyewe?

Kama ningekuwa na akili za kuandika swali kama lile mu karatasi na kulitafutia jibu kwa njia ya heshima, labda travail, ile kazi ya kuandika ya mwisho wa chuo, ingekuwa imekwisha, na wangenipatia diploma. Lakini minye swali likiniingia, mikono inawasha. Mama Louise akanituma nipigishe fotokopi za walimu wenye walibakia, thelathini na wawili. Niko mbele ya kompyuta, naangalia fishi, chini ya moduli ya tano iko nafasi nyeupe, safi, inaniangalia. Nikaandika:

"Moduli ya 6: Kufundisha Bila Kusema."

Nilifikiri walimu watatu wanne watakamata kama ni muchezo. Watanitukana kidogo, tutacheka, tutafuta ule musitari, basi. Nikapeleka fishi. Juu ya mvua yenye iliharibu njia ya Rurambo, Mama Louise akapatia masomo yote wiki tatu za kujaza. Kisha nikasahau.

Nilipozikusanya, ilikuwa Jumanne asubuhi. Nikakaa mu biro peke yangu na kuanza kuhesabu moduli ya sita. Tano. Tano. Tano. Nikafika ku Kizito, mwalimu wa hesabu ku institut moja, sekondari ya kando ya muto Mulongwe, mwenye wanafunzi wake wanasema akipatia muntu kumi na mbili ku ishirini anakuwa mugonjwa. Tano. Nikageuza nyuma nisome maoni. Mmoja aliandika: "Moduli ya 6 ilitufungua macho." Mwingine: "Moduli ya 6 muda haukutosha, muongeze siku." Mwalimu mmoja wa Kifaransa aliandika: "Formateur wa moduli ya 6 alikuwa na sauti nzuri sana."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Mwalimu wa kufundisha bila kusema, eti sauti nzuri! Walimu thelathini na mmoja, tano safi, kwa kitu chenye kilizaliwa mu kichwa yangu siku yenye nilikuwa na njaa.

Fishi ya mwisho ilikuwa na tatu.

Nikaigeuza. Nyuma mistari yote ilikuwa imejaa, maandishi madogo, ya kunyooka:

"Siku ya moduli ya 6 nilikuwa ku hopitali. Wenzangu walinielezea. Nimeijaribu wiki mbili mu chimie, kalasi ya wanafunzi 74. Kuuliza na kujibu: inatembea vizuri. Kusawazisha equations: inatembea kupita zamani. Kunyamazisha wanafunzi wa nyuma: haitembei hata kidogo. Naomba document ya moduli hii kabla ya Alhamisi. Prefe anaitaka, ameniambia bila document ananitoa mu kalasi. Madame Émérance."

Kicheko kikakatika. Ku masomo ya kwetu prefe ndiye mukubwa wa wote. Akisema mwalimu anatoka mu kalasi, mwalimu anatoka. Na Alhamisi ilikuwa kesho kutwa.

Lakini sitadanganya: kabla ya kuogopa, nilikuwa na hamu. Wenzake walimwelezea nini? Muntu anaelezea namna gani kitu chenye hakikuwako? Na kile kitu chenye hakikuwako, kinatembea namna gani mu kalasi ya watu sabini na wanne?

Nikapanda moto, pikipiki ya kulipa, mpaka Mulongwe, ku institut ile ile ya Kizito.

*

Institut yenyewe iko karibu na muto, ukuta wa chini ungali na alama ya maji ya mwaka ule muto ulifurika, musitari wa matope wa kufika ku magoti. Nikapita nyuma ya kalasi za mwisho. Kalasi moja walikuwa wanaimba conjugaison ya Kifaransa. Ingine mwalimu alikuwa anapiga kelele juu ya vita vya Napoleon kama vile alikuwako. Ya tatu, hakukuwa sauti ya mwalimu. Nikachungulia ku dirisha.

Madame Émérance ni mama mufupi, wa miaka kama arobaini na mitano, kitambaa kimezunguka shingo. Alikuwa anasimama mbele ya tablo na chaki mbili, moja nyeupe, moja nyekundu. Aliandika CH4, akageuka, akanyoosha kidole ku musichana mmoja wa katikati. Wengine wakanong'ona: "Naomie, Naomie, weye carbone!"

Naomie akaja mbele, akakaa juu ya meza. Akanyoosha mikono miwili. Kisha akanyoosha na miguu miwili, sketi ameikunja vizuri chini ya magoti. Nilibakia pale ku dirisha mudomo wazi. Carbone inashika ine: mikono miwili, miguu miwili! Wakaja wanafunzi wengine wanne, hydrogène. Kila mmoja na mukono mmoja tu, wa pili mu mufuko. Kijana mmoja alikuja amenyoosha yote miwili. Kalasi ikamufanyia "tsss!" na akaingiza mmoja mu mufuko haraka, kama muntu mwenye amekamatwa na kitu cha wizi.

Wawili wakashika mikono ya Naomie, wawili wakashika viatu vyake. Madame Émérance akapiga chaki ku meza mara mbili. Wakaja oxygène wawili, wameshikana mikono yote miwili kama watoto wanacheza. Madame akawasha kiberiti, akakiinua. Wote wakaachana! Oxygène mmoja akakamata mukono na muguu wa Naomie, mwingine akakamata mukono na muguu wa upande mwingine. Na wale hydrogène wanne wakabakia katikati ya kalasi, mikono mitupu, wanaangaliana.

 Madame aliwaangalia tu, kichwa upande.

Kisha hydrogène mmoja akageukia mabenchi na kuanza kuita kwa kidole: mukuje, mukuje. Oxygène wengine wawili wakaruka. Kila mmoja akapata hydrogène wawili. Maji, mara mbili. Madame akainua chaki nyekundu, na kalasi, wote pamoja, wakainama ku kaye na kuandika: mbele ya O2, mbili.

Minye nilisoma kusawazisha equations miaka mitatu. Nilielewa siku ile, ku dirisha, na matope mu viatu.

Si wote, lakini. Mabenchi ya nyuma, ile ya karibu na dirisha langu, walikuwa mu dunia yao. Wawili walikuwa wanabishania mupira. Mmoja alikuwa amelala kabisa. Madame aliinua ngumi, ishara ya kunyamaza. Wa mbele wakafunga midomo, wa nyuma hata hawakumuona. Mmoja wa wenye kubishana aliniona minye, akaniuliza kwa sauti kubwa:

"Papa, unatafuta nani?"

Kalasi nzima ikageuka. Madame Émérance akaniangalia. Nikainua fishi yake, niionyeshe. Uso wake ukafunguka kama muntu mwenye ameona ndugu yake ku kituo.

*

Kipindi kilipokwisha tulikaa mu sale ya walimu. Kizito alikuwa pale, anasahihisha, biki nyekundu mukononi. Madame Émérance alijaribu kusema, ikatoka hewa tu, na kitu kama kelele ya mulango wenye hauna mafuta. Akafungua kaye na kuandika. Minye nasema, yeye anaandika, ni vile tuliongea.

Aliandika kwamba ameongoza kalasi miaka kumi na sita, kalasi za watu sabini, themanini, bila kipaza sauti, na sauti imekwisha. Daktari alisema kuna vitu vimeota mu koo, asiseme miezi mitatu, labda zaidi. Prefe Habonimana anataka kumupeleka ku secretariat, apige mihuri. Aliandika: "Minye siko muntu wa mihuri." Kisha: "Umeleta document?"

Nikajifanya sijaona lile swali.

"Kwanza, Madame, nani alikuelezea moduli?"

Akaonyesha Kizito kwa kichwa. Kizito akatia kofia ku biki, akakaa vizuri.

"Ah, moduli ya sita," akasema. "Kusema kweli, ndiyo ilikuwa ya maana kupita zote. Formateur hakufungua mudomo hata kidogo. Alisimama hivi." Akasimama. "Mikono hivi, kama chef wa chorale. Mukono wa kuume anauliza, wa kushoto ananyamazisha. Sisi wote tukafuata."

"Kweli?"

"Minye nilikuwa mbele kabisa."

"Siku gani, Prof?"

"Si... Alhamisi."

"Alhamisi ilikuwa siku ya interro na cotation, kupima wanafunzi na kupatia pointi, moduli ya ine."

"Basi Ijumaa."

"Ijumaa walifundisha kutumia simu mu kalasi."

Kizito akaniangalia kama mwanafunzi mwenye ameuliza swali mbele ya inspekta. Akasimama. "Kijana, kuja tuone hali ya hewa inje."

Inje hali ya hewa ilikuwa vile vile. Akanivuta nyuma ya choo.

"Weye unataka nini? Unataka niseme sikuwako? Bon. Sikuwako Alhamisi. Shemeji yangu alikuwa anaoa kule Kavimvira, nifanye nini, niache muntu aoe peke yake? Josée, mwalimu wa histoire hapa, alisaini kwa jina langu. Na yeye Jumatano alikuwa shambani, nikasaini kwa jina lake. Ni vile tunasaidiana, na weye unajua."

Nilijua. Kila asubuhi ile liste ya waliofika ilikuwa inapita, na kila jioni nilikuwa naona watu thelathini mu sale na majina arobaini na matatu ku karatasi. Kila mmoja alikuwa na siku yake ya kukosa, na mwenzake wa kumusainia.

"Sasa nikaona ku fishi moduli ya sita," Kizito akaendelea. "Nikajiambia: ni ile ya Alhamisi, wakaiongeza siku yenye sikuwako. Nitasema haikuwako, wakati jina langu liko ku liste? Nikauliza Josée pole pole: moduli ya sita ilikuwa namna gani? Akasema: ya maana sana! Kumbe?"

"Kumbe naye alifikiri ilikuwa Jumatano."

 Niliona Kizito anahesabu, ni mwalimu wa hesabu.

"Kwa hiyo sisi wote..."

"Wote, Prof."

"Na Madame akaja kutuuliza." Akashika kichwa. "Ningemwambia nini? Minye naongoza chorale ku kanisa. Wakati watu wanaimba, chef wa chorale hasemi, na watu mia wanamufuata. Nikamwambia ile. Josée akamwambia ya chaki: nyeupe wanaangalia, nyekundu wanaandika. Sijui aliitoa wapi. Na ya mikono na miguu, ile ya carbone, ni nani?"

"Nilifikiri ni weye."

"Apana! Mungu wangu, miguu ya wasichana? Minye?"

Hatukumujua mwenye aliileta. Tulirudi ndani. Madame Émérance alikuwa amefungua kaye ku ukurasa mpya na kuandika kwa herufi kubwa: DOCUMENT IKO WAPI?

Nikasema nitarudi Alhamisi asubuhi. Uoga wangu ulikuwa wazi, hata Kizito aliuona.

*

Mu njia ya kwenda nyumbani kwangu, Rugenge, nilikuwa nimekwisha kuiandika ile document mu kichwa. Kurasa nane. Logo niko nayo, muhuri uko mu droo ya biro. "Malengo ya moduli. Vifaa. Mwenendo." Kwa kuandika vitu vyenye haviko, minye si wa kufundishwa. Prefe angeona muhuri, Madame angebakia mu kalasi, na hakuna muntu angelia.

Jumatano nikafika ku biro mapema, nikawasha kompyuta, nikaandika kichwa cha maneno. Nikakwama ku kitu kimoja: wale wa nyuma. Ku document ningeandika nini juu ya wale wa nyuma? Kwamba wananyamaza? Madame aliandika hawanyamazi. Nikaona naanza kuandika uongo juu ya kitu chenye yeye alijaribu kweli, wiki mbili, na koo ya ugonjwa. Vidole vikasimama.

Mama Louise akaingia na chai.

"Gracien, raporo inaenda kesho kutwa. Hesabu iko wapi?"

"Chef, hesabu iko. Moduli tano, tano ku tano."

"Muzuri."

"Moduli ya sita vile vile."

Akakunywa kidogo. Akasimama na kikombe karibu na mudomo.

"Moduli ya ngapi?"

Nikamweleza yote. Nafasi nyeupe, fishi, sauti nzuri ya formateur, Kizito, liste, Naomie juu ya meza. Nilingoja anifukuze. Aliweka kikombe chini, akachukua fishi ya yule mwalimu wa Kifaransa, akasoma, mabega yakaanza kutikisika. Nikacheka na minye. Akainua macho.

"Weye usicheke. Weye huna ruhusa."

Nikaweka mikono juu ya magoti.

"Unajua umefanya nini? Nilikuwa na karatasi arobaini na tatu zenye zinasema ndiyo. Sasa niko na karatasi arobaini na mbili zenye hazisemi kitu. Na mama mmoja kesho anaweza kutolewa mu kalasi yake juu ya muchezo wako." Akaangalia kompyuta yangu, akaona kile kichwa cha maneno. Akafunga kompyuta kwa mukono wake mwenyewe, pole pole. "Hii ndiyo ulikuwa unamutengenezea?"

"Nilikuwa natafuta njia, Chef."

"Njia ni kumwambia. Kwa mudomo wako, na minye nitakuwa pembeni nione." Akafika ku mulango, akageuka. "Na inatembea kweli, ile kitu?"

"Wa mbele inatembea, Chef. Wa nyuma apana."

"Ya carbone, uliona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

Akatikisa kichwa. "Na sisi tulileta formateur kwa ndege," akasema, akatoka.

*

Alhamisi nilimwambia Madame Émérance mu sale ya walimu, mbele ya Mama Louise na Kizito. Nilisema haraka, kama muntu anaruka mu maji ya baridi. Moduli haikuwako. Ni minye niliiandika, juu ya kuona kama muntu anasoma.

Madame aliniangalia. Kisha akageukia Kizito. Kizito akaangalia dari.

Mabega ya Madame yakatikisika, nikafikiri analia. Alikuwa anacheka, bila sauti, anafuta macho kwa ile kitambaa ya shingo. Kisha kicheko kikakwisha mara moja, akachukua biki, akaandika kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka:

"Kila mmoja alinielezea tofauti. Nilifikiri kila mmoja alikumbuka kipande. Usiku nilikuwa naviunga."

Chini yake: "Vipande vingine havikutosha. Carbone niliiweka minye, nikifikiri ndiyo ilikuwa imesahaulika."

Na chini zaidi: "Sasa nitamwambia Prefe nini?"

Prefe Habonimana alikuwa amekwisha kufika ku mulango. Ni mwanaume murefu, wa suti ya kijivu, mwenye anatembea mikono nyuma. Akasalimia kila muntu kwa jina, akakaa, akanyoosha mukono.

"Document."

"Mukubwa, haiko," nikasema. "Na haitakuwako. Minye ndiye niliifanya ile moduli mu fishi, kwa kucheka. Hakuna mwenye aliifundisha."

"Kwa kucheka."

"Ndiyo, Mukubwa."

"Walimu wangu saba walipatia tano kitu chenye hakiko?" Sauti ilianza kupanda. "Kizito! Weye, mwenye unanyima watoto nusu pointi! Nitaandika ku inspection! Masomo yangu si sarakasi!"

 Mama Louise alifungua saki, akatoa barua moja, akaiweka mbele yake kwa mikono miwili, kama muntu anatoa sadaka. Prefe akavaa miwani. Ilikuwa barua yake yeye mwenyewe ya kushukuru, yenye alituma pamoja na fishi: "kwa moduli zote sita, zenye nilizifuata kwa makini."

Akakohoa. Akavua miwani, akaipanguza, akavaa tena. Barua ilikuwa ile ile.

"Hii tuiache," akasema. Hasira ilikuwa imekwisha, lakini mambo hayakuwa yamekwisha. Akageukia Madame Émérance. "Madame, unielewe. Inspekta akifika na kukuta mwalimu ananyamaza, ataniuliza hii imetoka wapi. Nitamuonyesha nini? Vicheko vya kijana huyu?"

Madame akavuta kaye yake, akaisukuma mbele yake.

Prefe akafungua bila hamu. Akasoma ukurasa wa kwanza amesimamisha kichwa, wa pili ameinama. Alikuwa mwalimu wa chimie yeye pia, miaka ya nyuma, kabla ya suti. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, na somo, na chenye alijaribu, na wanafunzi wangapi walipata jibu, na chenye kilianguka. "Ngumi: wa mbele wanaona, wa nyuma apana." "Chaki nyekundu: wawili hawatofautishi rangi, niliwaweka karibu na wenzao." "Carbone juu ya meza: 49 walisawazisha wenyewe." "Wa nyuma: wamepotea 22."

Akaweka kidole ku hiyo ya mwisho.

"Ishirini na wawili ni wengi, Madame."

Akakubali kwa kichwa.

"Wakati ulikuwa na sauti, wenye kupotea walikuwa wangapi?"

Madame akashika biki.  Minye nilimuona anatafuta kweli, macho ku ukuta, miaka kumi na sita inapita. Kisha akaandika neno fupi na kuligeuza kwa Prefe:

"Sijui. Wakati nilikuwa nasema, sikuhesabu."

Prefe Habonimana alisoma mara mbili. Inje kalasi ingine walikuwa wanaimba tables, sita mara saba, sita mara nane.

"Hata minye sikuhesabu," akasema kwa sauti ndogo. Hakuna mwenye alimuuliza.

Akafunga kaye, akaipiga kidogo na kiganja, akairudisha.

"Unabakia mu kalasi mpaka mitihani ya mwisho wa mwaka. Inspekta akija, nitamuonyesha hii, na nitamwambia imetoka ku masomo yetu. Kila Ijumaa utaniletea. Nataka kuona wale ishirini na wawili wanapunguka. Wakibakia ishirini na wawili, tutaongea tena juu ya mihuri."

Madame akaandika: "Wakipunguka mpaka kumi?"

"Kumi? Madame, wakifika kumi, minye mwenyewe nitakuja kukaa ku benchi ya nyuma nijifunze."

Mama Louise aliomba ruhusa ya kupigisha fotokopi ya kaye, kurasa zote, za kutembea na za kuanguka. Kisha akanihukumu minye palepale, mbele ya watu: fishi zote arobaini na tatu zimekufa, nitarudi kwa kila mwalimu, mmoja mmoja, mpaka Rurambo, hata kwa miguu, bila pointi, bila nafasi za kujaza. Nitauliza tu: ulitumia nini, na nini haikutembea. Kizito akainua mukono, akasema anaanza yeye, na kwamba hajatumia kitu.

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja. Andika."

Nikaandika. Ilikuwa jibu langu la kwanza la kweli.

Kengele ikapigwa. Madame Émérance akakusanya chaki zake, kaye, akafunga kitambaa. Nikamufuata mu kolidori, juu nilikuwa na swali jingine: wale wa nyuma, kama angewageuza, awaweke mbele na wa mbele nyuma, ingekuwa namna gani? Nilikuwa naongea mbio, yeye anatembea mbio. Ku mulango akasimama, akanisikiliza mpaka mwisho. Akafungua kaye, akaandika tarehe ya leo, na chini ya tarehe akaandika lile swali langu, neno kwa neno.

Kisha akaingia na kufunga mulango. Nilisikia mabenchi yanaanza kuvutwa.